Sauti ya Mama Yangu Inatangaza Kamari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni fundi cherehani, nimeachika, naishi na mama yangu katika vyumba viwili nyuma ya duka langu. Mama alikuwa msimulizi wa hadithi za watoto, nami nilikuwa namrekodi kwa simu akiwa kwenye kiti cha wateja, kisha nazipandisha mtandaoni, mpaka watoto wa mbali tusiowajua wakawa wanamwita Bibi Sogeeni, kwa sababu kila hadithi aliianza hivi: "Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu." Kisha akapigwa na kiharusi, upande mmoja ukafa na maneno yakapotea, anaelewa kila kitu lakini kinachotoka mdomoni ni mguno tu, na zile hadithi ndizo zikawa sauti yake iliyobaki, nilikuwa namwekea kila ninapomwogesha.

Siku moja nikafungua ukurasa wetu nikakuta hadithi zote zimeondolewa, eti mwenye hakimiliki amelalamika. Nikafuatilia, nikaambiwa jina Bibi Sogeeni pamoja na rekodi zake ni mali ya kampuni ya kamari, imeuziwa na mtu aliyelisajili jina kama alama yake ya biashara na kudai rekodi ni zake, na mtu huyo, mshauri, ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyekuwa akinisaidia kuhariri. Alilisajili mama akiwa amelazwa nami nikilala kwenye benchi la wodi. Nilipomfuata hakukana, alisema jina lilikuwa limekaa tu kama kiwanja kisicho na mwenyewe, asingelichukua yeye angelichukua mwingine. Halafu akaniambia, "Ukinipeleka mahakamani, hata mama akifa sitakuja kumzika."

Sasa tangazo lao linapita kila mahali. Majuzi jirani alifungulia simu, sauti ya mama ikapenya ukutani ikiwaita wajukuu, mama akageuza shingo akatabasamu kwa nusu ya uso, akangoja hadithi, ikaja sauti ya kijana ikihimiza watu waweke dau. Akanitazama huku machozi yakimtoka, nami nikamdanganya kwamba ni wezi tusiowajua.

Mwanasheria anasema kesi ipo, lakini mlalamikaji ni mwenye sauti, hivyo mama aelezwe yote mbele ya shahidi, kisha akubali mwenyewe kwa kutikisa kichwa na kutia dole gumba. Mama anampenda yule mtoto mno, mlango ukifunguliwa tu anatazama kama ni yeye. Daktari ameonya kuhusu mshtuko. Nikimweleza, nitamuua; nikinyamaza, wataendelea kumtumia. Nifanye nini?

Fundi mwenye mama


MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, dada yangu. Lakini sitakuvisha kilemba cha ukoka: ulikosea kumdanganya mama. Mdogo wako alimpora jina akiwa hoi, nawe unampora kauli akiwa macho. Kiharusi kimemnyima ulimi, akili amebaki nayo. Kwamba kikulacho ki nguoni mwako, yeye analijua kuliko wewe. Na usishangae ukikuta ameshahisi. Mtu anayetazama mlango namna ile hangoji salamu tu, anangoja na maelezo.

Vitisho vya mazishi viache huko huko. Asiyekuja kumuuguza mama ana kipi cha kususia?

Muone daktari kwanza, akuchagulie siku mama ana nguvu, na ikiwezekana awepo. Rekodi za asili zilizo kwenye simu yako zinakili leo, nakala moja apewe mwanasheria, kwa kuwa zina tarehe za kabla ya usajili ule. Mwambie aandae maombi ya kufuta usajili kwa msajili wa alama za biashara na malalamiko kwa mtandao uliowafutia. Usijibizane na mdogo wako kwa ujumbe, wala usimwanike mtandaoni. Na usichelewe, maana mama akitangulia, kesi itakuwa ya warithi, na mdogo wako ni mrithi kama wewe.

Kisha kaa kitandani kwake umweleze, umtaje mwanawe, usipunguze wala usitie chumvi. Ukimaliza, mwache alie.

Akitia dole, pigana. Akikataa, akamchagua mwanawe kuliko sauti yake, itakuuma mno, lakini hutaifungua kesi hiyo kwa mlango wa nyuma. Utachemsha maji, utamwogesha. Haki ni yake, hata ya kuiachilia.