Safu Tatu za Mahindi

Mjukuu wangu Achola,

Nakusalimu wewe na huyo uliyembeba. Mimi mzima, ni goti tu linanisumbua. Wewe unakula? Usinidanganye. Nakuandikia kwa mkono wangu wa darasa la tatu kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Mumeo Gordon ameniambia daktari huko Kisumu amekuta saratani kwenye titi lako. Anasema mimba ikishapita miezi minne kuna dawa unaweza kupewa, na wajawazito wengine wametibiwa hivyo wakazaa watoto wazima. Wewe ukajibu utangoja mpaka ujifungue. Nani alikufundisha ukaidi? Usiseme mimi.

Jana nilikuwa naanika omena, dagaa wetu wa ziwani, nikamkumbuka mama yako, Atieno. Alikuwa akianika huku anaimba nyimbo za kanisa kwa maneno aliyotunga mwenyewe, mpaka mchungaji akaniuliza huyu mke wa mwanangu tulimtoa wapi. Nilinuna. Kumbe nangoja aimbe tena. Akishuka ziwani, nilijua amefika kwa vicheko vya wenzake.

Mwaka ule mvua iliwahi, akapanda safu tatu za mahindi kabla yangu. Unajua kwetu mama mkwe ndiye hutangulia kupanda. Alikuwa na mimba yako. Baadaye akanionyesha uvimbe kwenye titi, akaomba kwenda hospitali. Nikamwambia hiyo ni chira, adhabu ya mtu aliyevunja mwiko, na atanywa manyasi apone. Majani hayo nilimchemshia mimi. Miezi mitano. Alikunywa bila kubisha, kwa kuniheshimu.

Nilikuambia alikufa kwa kutoka damu alipokuzaa. Nilikudanganya. Alikufa kwa titi hilo, wewe ukiwa na miezi mitatu. Daktari alipokuuliza kama ugonjwa huu uko kwenu, ukajibu hapana, huo uongo ulikuwa wangu.

Rudi ukamwambie ukweli, na uanze dawa. Kunichukia utanichukia ukishapona. Yale mahindi niliyavuna mwenyewe. Uji wako wa kwanza ulitoka kwenye safu zile tatu, na haukukudhuru.

Msalimie Gordon, asikuache uende peke yako. Shamba la kando ya nyumba sijaligusa, na sitaligusa. Njoo na mtoto wako. Utapanda wewe kwanza, mimi nimekaa hapo nakutazama.

Ni mimi Dani, bibi yako,
Dorca