Sanduku la Spana Lisiende kwa Hamisi

Kongwa, Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Na mama naye apokee shikamoo yake hapohapo, maana najua ndiye anayekusomea huku wewe umekaza macho ukutani ukijifanya husikilizi. Mguu unaendeleaje? Na kifua cha mama kimeachia? Mimi na mjukuu wako hatujambo. Upepo wa huku umetujaza vumbi mpaka masikioni, lakini tunakula na tunalala.

Nimeandika, sikupiga simu, kwa sababu simu ya nyumbani anashika kaka Hamisi na haya hayafai kupita kwake. Nimesikia unataka kumkabidhi sanduku lako la spana kabla ya mfungo. Hamisi, baba? Huyuhuyu aliyefungua nati ya plau kwa kuipiga jiwe? Ngoja kwanza nikusimulie.

Lile jiko la kuni la hapa shuleni, la chuma, wanalosema liliachwa na wazungu waliokuja zamani kulima karanga, mlango wake ulipinda. Moshi ukawa unatoka mbele, sisi wapishi tunashinda tunatokwa machozi. Kuutoa mlango kunataka bolti sita zifunguke, na zote zilikuwa zimeganda. Bwana ugavi akasema jiko litupwe, iletwe gesi, na kwenye gesi wapishi wawili wanatosha. Tuko wanne, na wa mwisho kuajiriwa ni mimi. Wanafunzi walikuwa wanarudi Jumatatu.

Akaletwa fundi kutoka Chang'ombe mjini. Loo! Miwani myeusi, ovaroli haijawahi kuonja grisi, kalamu sikioni. Nikamsalimu vizuri, nikamwambia, "Fundi, hizo zipashe moto kwanza."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, wewe kapike. Hii si sufuria."

Akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akaning'inia nayo. Kra! Kichwa cha bolti kikakatika. Akasema bolti ni mbovu. Akaenda ya pili. Kra! Sasa akasema chuma cha wazungu ndicho kibovu. Chuma kilichopikia watu tangu sijazaliwa ni kibovu, yeye wa nusu saa ndiye mzima! Akaomba chai, akala chapati zetu tatu, akashauri jiko likatwe kwa grenda liende chuma chakavu, akapanda pikipiki yake. Debe tupu, baba, na lenyewe limetoboka.

Nikamwendea mkuu wa shule, nikamwomba anipe Jumamosi moja tu. Akakubali kwa kuwa hakuwa na la kupoteza.

Nilifanya vile ulivyokuwa ukifanya kwenye plau za watu. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya, nikatia mafuta ya taa na oili chafu, nikaziacha bolti zilowane mpaka adhuhuri. Nikafuta, nikawasha mkaa, nikausogeza karibu na bolti mpaka chuma kikabadilika rangi. Hapo nikagusisha mshumaa, nta ikanyonywa ndani. Nyundo taratibu, ko, ko, ko. Kisha nikakaza kidogo kabla ya kulegeza, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila haraka. Ya kwanza ikalia, ikaja. Zile mbili alizozikata yule bwana nilizizungusha kwa tindo, nikipiga ubavuni. Ilipofika alasiri zote sita zilikuwa mkononi mwangu.

Sasa sikiliza, na mama apunguze sauti hapa. Nilipoitazama bolti ya kwanza, kwenye meno yake nilikuta kutu, na juu ya kutu gamba jeusi gumu, lile la karai lisilosuguliwa. Ni mafuta ya alizeti, baba. Miaka mitatu, kila nikimaliza usafi wa Ijumaa, nilikuwa nazipaka bolti zile mafuta ya kukaangia, najisifu kwamba natunza jiko. Moto umeyapika yakawa gundi. Ulinikanya nikiwa mdogo kwamba mafuta ya kula ni ya tumbo, chuma kina mafuta yake, nami nikasahau. Yule fundi ni bure ghali, maneno yangu siyarudishi, lakini aliyegandisha ni mimi. Hapa sijamwambia mtu. Nimeona haya sana.

Mlango niliunyoosha kwa nyundo, na bolti mpya nimezipaka oili yenye unga wa penseli. Jumatatu iliyofuata uji uliiva mapema na habari ya gesi imekufa. Bwana ugavi anatangaza kwamba fundi wa mjini ndiye aliyezilegeza! Nikamfyonya mbele ya watu.

Basi turudi kwenye sanduku. Ulikuwa ukimwambia Hamisi, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hamisi hakusana, wala hakuvukuta. Aliyekaa kwenye mivukuto majivu yakimwingia machoni ni mimi, na ulipomaliza kazi ulinituma nikaoshe vyombo, ukamwita yeye akakae na wewe mbele ya wateja. Iliniuma, baba, na bado inaniuma. Mpe shamba, mpe ng'ombe, simu anayo tayari. Sanduku nipe mimi.

Nisalimie shangazi mwuza vitumbua, umwambie kanga aliyonipa bado naivaa. Msalimie mjomba muadhini, na jirani yetu anayetuchotea maji mguu wako ukikuzidi. Hamisi msalimie pia, lakini barua asisomewe.

Mwalimu anayekuletea barua hii ana kifurushi cha kitambaa. Ndani yake kuna bolti ile ya kwanza, sijaisafisha. Mpe Hamisi aishike, aigeuze atakavyo, umuulize kilichoigandisha ni nini. Akijibu, sanduku ni lake.

Mimi mwanao niliyekuvukutia,
Zaina