Gari la Baba Mkwe Linakataa Kuwa Tayari

Mpendwa Bi. Zulmira, nisaidie kabla sijarukwa na akili, maana mimi ni mke wa watu na mama wa watu na sijawahi kugombana na mume wangu kwa ajili ya moshi, lakini sasa tunagombana kwa ajili ya moshi, tena moshi wenyewe hauonekani. Baba mkwe wangu, mzee Avelino Borba, alifuga ng'ombe wa maziwa hapa Gustine tangu alipokuja kutoka visiwa vya Azori akiwa kijana, na sasa anakaa nasi, na mwaka huu watu wa leseni walimpima macho wakamwambia basi, hataendesha tena, naye hakubisha, alikunja miwani yake akasema, "Haya, uzeni gari," tukamshukuru Mungu kwa kutupa mzee mwenye busara. Dona Idalina wa kanisani akalitaka siku hiyo hiyo. Sasa unajua sheria yetu ya California, anayeuza gari ndiye anayelipeleka likapimwe moshi, nikasema ni kazi ya asubuhi moja tu.

Bi. Zulmira, imekuwa kazi ya msimu mzima! Fundi Kulwinder alichomeka mtambo wake kwenye gari akaniambia, "Dada, gari ni zima. Ila haliko tayari." Nikamuuliza, zima halafu haliko tayari, ndiyo lugha gani hiyo? Akasema ndani ya kompyuta ya gari kuna vichunguzi vya moshi, kila kimoja hujipima polepole gari likiwa linatembea, na vya gari hili vyote vimesahau, utadhani limetoka kiwandani jana, basi nikaliendeshe siku kadhaa nirudi. Nikaliendesha. Nikaenda Los Banos nikarudi, nikaenda Turlock kununua mkate mtamu ambao hata hatukuuhitaji, nikarudi kwake, haliko tayari. Nikaendesha tena mpaka mgongo ukauma, nikarudi, haliko tayari. Mara hiyo ya tatu Kulwinder alifunga mlango wa ofisi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, usinikasirikie, lakini kuna mtu anafuta kumbukumbu ya gari hili. Watu hufanya hivyo wakitaka kuficha ubovu."

Nikamsimulia Gilberto, mume wangu, nikidhani atacheka, kumbe ananikazia macho. "Funguo si unakaa nazo wewe?" akasema. Mimi? Mimi ambaye hata boneti sijui inafunguliwa wapi! Nikamrudishia, "Na nani alisema tusimwambie Idalina kwamba gari linakohoa asubuhi?" akasema halikohoi, nikasema linakohoa, na tangu hapo tunapeana chumvi mezani bila kutazamana. Idalina naye, sijui alisikia wapi, tukiwa jikoni tunakata kabichi za supu ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, alisema mbele ya wanawake wote, "Kwa akina Borba gari lina maradhi, wanaliosha kumbukumbu kwanza ndipo waniuzie mimi mjinga." Jina la mzee, Bi. Zulmira, mtu ambaye hakuwahi kutia tone la maji kwenye maziwa ya mwenzake! Nililia juu ya kabichi.

Mzee mwenyewe anakula, anasali rozari, jioni anatoka na tochi kuliaga gari lake kama alivyokuwa akiaga trekta, anarudi analala, alfajiri anatoka tena kulisalimu kabla sijaamka, wala simlaumu kwa lolote. Gari lenyewe nalo limezeeka ghafla tangu aache kuliendesha, kila asubuhi nikiliwasha saa yake imerudi kwenye saa saba na redio imesahau stesheni yetu ya Kireno, naanza kuitafuta upya huku nimechelewa, lakini hayo ni madogo. Niambie, nani ananidanganya: fundi, mume wangu, au gari?

Mimi niliyechanganyikiwa,
Lucinda Borba, Gustine

Lucinda mwanangu, pangusa machozi, kabichi ina chumvi ya kutosha. Hakuna anayekudanganya. Jibu umeliandika kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukaliita dogo.

Tangu lini saa ikazeeka usiku ikapona mchana? Saa inayoanza upya kila asubuhi, na redio inayosahau kila asubuhi, ni za gari lililochomolewa waya wa betri. Na kila jioni anayetoka na tochi ni nani? Kikulacho ki nguoni mwako, ila hiki chako kinasali rozari. Marehemu mume wangu alikuwa fundi, na wafugaji wa bonde hili aliwajua vizuri: chombo kikiegeshwa tu, mtu anachomoa betri, isije ikaisha nguvu au waya ukachoma nyasi kavu, na alfajiri anairudisha kabla ya kazi. Trekta halijali. Gari likikosa betri linasahau kila lilichojipima, nawe unazunguka Turlock kununua mikate ya bure. Hata huko kukohoa asubuhi ni hilo hilo, injini inajifunza upya kupumua. Kwa hiyo wewe na Gilberto ombaneni radhi leo hii, tena yeye aanze, kwa lile neno la funguo. Watu wazima mnanuniana juu ya chumvi!

Sasa sikiliza. Betri isiguswe tena. Petroli iwe kama nusu tanki, usilijaze wala usiliache na matone. Asubuhi, injini ikiwa baridi, liwashe likae kidogo, kisha shika barabara kuu, maili hamsini na tano kwa saa, mguu utulie hapo hapo. Pakiwa hakuna gari nyuma yako, ondoa mguu kwenye mafuta na uliache lipunguze mwendo lenyewe bila breki. Malizia kwa mizunguko ya mjini, nenda, simama, nenda. Rudia asubuhi kadhaa, na kabla ya kipimo rasmi mwombe Kulwinder alichungulie kwanza. Idalina mwambie ukweli, tena jikoni kule kule, mbele ya wanawake wale wale.

Limebaki la mzee, na hapo nina ugomvi nawe. Labda ni mazoea ya trekta tu. Labda hataki gari liondoke, na ameona haya kusema. Mimi sijui, na wewe hujui. Aliposema "uzeni" mlimshukuru Mungu haraka haraka, asije akabadili neno. Gari mmeliuliza mara tatu kama liko tayari, na kila lilipokataa mkalisubiri.

Kwa hiyo leo jioni akichukua tochi, toka naye. Mshikie wewe hiyo tochi, umuulize taratibu, "Baba, na wewe uko tayari?" Akisema bado, Idalina akatafute gari kwingine.