Glasi Mkononi mwa Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mtoto ameachana na kile kikohozi. Sisi hapa tunapumua. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu sana, anasema tangu uolewe uchochoro mzima umekosa mtu wa kucheka kwa sauti. Baba anaendelea. Nimeandika "anaendelea" halafu nikakaa nikilitazama neno hilo, kwa sababu sijui kama ni kweli. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu unanijua, nikiulizwa swali najikunja ndani kama huyo konokono uliyenipa jina lake.

Uliniuliza ile shughuli ya ukumbini ilikuwaje. Ilinitia kichefuchefu, Dada. Mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule naona mate yananijaa mdomoni.

Ilianza vizuri. Siku tuliyokwenda shuleni kuchukua vyeti, alikuja mwanamke mmoja mnene mwenye miwani ya dhahabu, mwenyekiti wa kamati ya mji, akitafuta msichana mwenye mwandiko mzuri. Alisema wanaandaa siku ya kuielimisha jamii kuhusu magonjwa ya akili, ili watu waache kuwanyanyapaa wagonjwa. Mwalimu akaninyooshea kidole. Nilifurahi kuliko siku ya matokeo. Unajua wateja wa Baba walivyokimbia tangu alazwe. Miezi saba ametoka hospitali, na bado wanapita mbele ya cherehani yake shingo zimegeukia upande wa pili, kama kuna mzoga. Nikawaza, siku hiyo watasikia, watarudi na suruali zao.

Mama Mwenyekiti alipouliza nani atashona vitambaa vya meza, nikasema namjua fundi mmoja hodari. Sikusema ni nani kwangu. Baba alishona vitambaa ishirini na pindo la bango kubwa lililoandikwa WAO NI SISI. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama, nilisikia cherehani ikikimbia bila kusimama katikati. Alipima kila kona mara mbili. Nesi wa kliniki alikuwa amewaalika wagonjwa wake wote, kwa hiyo Baba akanyoosha shati lake jeupe, akaniambia safari hii na yeye ni mgeni mwalikwa.

Asubuhi ya shughuli nikawekwa mlangoni kuandika kadi za kubandika kifuani. Zilikuwa za rangi mbili. Za bluu ni za wageni, za njano ni za hao waliowaita walengwa. Nilitumia nusu saa kujikusanyia ujasiri wa kuuliza kwa nini rangi mbili. Mama Mwenyekiti akasema, mwanangu, ni ili tujue namna ya kuwahudumia.

Nikaona walivyowahudumia. Bluu walikaa mbele kwenye viti vyenye mito. Njano walikaa nyuma, karibu na mlango wa choo, na harufu yenyewe usiniulize. Bluu walipewa juisi kwenye glasi. Njano walipewa kwenye vikombe vya plastiki, vile vyembamba vinavyobonyea ukivishika. Mpishi alipouliza kulikoni na glasi bado ziko tele, akaambiwa hao ukiwapa glasi wanaweza kuzivunja wakajikata, au wakamkata mtu. Mama Mwenyekiti aliwapa mkono wote, wa njano kwa wa bluu, mpiga picha akimwelekezea kamera. Kisha akaenda nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa pale nafuata kalamu. Nilimwona akijimiminia dawa ya mikono mpaka kwenye viwiko, anasugua kama ametoka kuosha samaki.

Mshereheshaji ndiye alikuwa balaa. Alifungua kwa kuuliza kama kuna mtu amesahau dawa zake asubuhi, basi ajitaje mapema, kabla hajampanda yeye mabegani. Ukumbi ukaangua kicheko. Hata huko nyuma wapo waliocheka, na hao ndio walioniuma zaidi. Nesi wa kliniki peke yake ndiye aliyesema la maana. Alieleza kwamba akili huugua kama tumbo linavyougua, inatibika, na kinachowarudisha wengi wodini si ugonjwa, ni kuachwa peke yao. Alikuwa bado anazungumza mshereheshaji alipochukua kipaza sauti, kwa kuwa mgeni rasmi amefika.

Nimeruka jambo, Dada. Acha nirudi mlangoni.

Baba alipofika mbele ya meza yangu, Mama Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza huyu mzee ni nani. Nikajibu ni fundi wa vitambaa. Nikachukua kadi ya bluu, nikaandika FUNDI. Baba aliitazama kadi, akanitazama mimi, akaibandika kifuani na kushukuru. Nilijiambia namlinda yeye. Kwa hiyo akakaa mbele, kwenye kiti chenye mto, na glasi yake ya juisi mkononi.

Sasa mgeni rasmi alipomaliza, mshereheshaji akataka walengwa wote wasimame wapigiwe makofi. Njano wakainuka huko nyuma. Na mbele kabisa, Baba naye akainuka. Watu wakadhani amekosea, bibi mmoja akamvuta shati akimwambia keti, mzee, si nyinyi. Baba akasema kwa sauti ile yake ya kupima kitambaa, bila haraka, kwamba yeye ndiye aliyeshona hivyo wanavyoegemezea viwiko. Alilazwa miezi miwili, kila asubuhi anameza vidonge viwili, na katika vitambaa ishirini hakuna hata kimoja kilichopungua. Ni hayo tu. Mshereheshaji akadakia, kumbe hata fundi nati zake zililegea! Wakacheka tena. Yule bibi akahamisha kiti chake. Mwingine akainua kiwiko kutoka kwenye kitambaa, akakitazama kitambaa chenyewe kama kina kunguni.

Baba akaketi, glasi yake bado mkononi. Akaja mtu na kikombe cha plastiki, akaitoa ile glasi kwenye vidole vyake, akamwekea kikombe badala yake.

Nimeiandika barua hii mara tatu, na mara zote tatu niliandika hivyo, "akaja mtu", nikaendelea na habari nyingine. Safari hii sitaendelea. Mtu huyo ni mimi. Mama Mwenyekiti alinikonyeza, akaashiria glasi kwa kidevu, akanipa kikombe. Nilikuwa nimekwisha kusema yule ni fundi tu. Ningemkatalia, angeuliza una nini naye. Nikaenda, Dada. Nilitembea hatua kumi na nne, nilizihesabu. Baba aliiachia glasi taratibu ili isimwagike, akanitazama usoni, akasema, "Ahsante, binti." Hivyohivyo, kama mtu anavyomshukuru msichana asiyemjua. Alinisaidia kumkana.

Kichefuchefu nilichokueleza mwanzoni, usidhani ni cha Mama Mwenyekiti peke yake. Yeye angalau hakuzaliwa na Baba.

 Nyumbani, tangu siku hiyo anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki cha kuogea, anasema glasi ni kazi kuosha. Kadi ya kliniki ameitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Tarehe yake ni keshokutwa, na amesema haendi, kwani amepona, na foleni ile inaonekana na barabara nzima. Vidonge vimebaki vinne.

Unajua pale dirishani nesi huuliza kwa sauti mgonjwa amekuja na nani. Baba hujibu yuko peke yake. Nawe ulidhani namsindikiza. Huwa nabaki ng'ambo ya barabara, najifanya nachagua viatu.

Leo asubuhi nilimtilia chai kwenye glasi. Kisha nikamwambia yote, tangu kadi ya bluu, nikilia kamasi zinanitoka. Akasema aliona. Akasema nilikibonyeza sana kikombe siku ile, alihofia nitalowesha kitambaa. Sikuomba anisamehe, niliomba kadi ya kliniki. Hakuitoa. Lakini baada ya chai alilisukuma kopo la vifungo upande wangu, akarudi kwenye cherehani yake isiyo na kazi. Nimetafuta kati ya vifungo, nimeipata, iko hapa chini ya karatasi ninayoandikia.

Keshokutwa nitamwamsha mapema. Hata akikataa nitaketi mlangoni mpaka achoke kunitazama. Na pale dirishani nesi akiuliza, sitamwacha Baba ajibu.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto kwenye nyayo, yeye anapenda hivyo. Ukipata nafasi njoo ututazame, hata kwa siku moja. Ukinichukia kwanza, nitaelewa.

Mimi mdogo wako,
Konokono