Kioo cha Papa kimerudi mahali pake

Mpendwa Maman,

Watu wa bateau wanaovuka ziwa wanaweza kukufikishia habari huko Idjwi kabla ya barua hii, lakini bora uzisikie kwangu: kioo kikubwa cha darubini ya Papa nimekirudisha. Sikuomba ruhusa, na sitaiomba.

Ninakumbuka ulichoniambia siku unakimbia. "Ile bomba inafanana na silaha. Kioo iko mu sanduku, uiache pale, mutoto wangu." Ulikitoa mwenyewe, ukakifunga ndani ya kitenge, ili wenye bunduki wakiingia wakute bomba tupu. Sikulaumu. Papa tulikuwa tumeshamzika, na milio ya risasi ilikuwa karibu. Lakini nimechoka kuishi kama mtu aliyeiba kitu cha baba yake mwenyewe.

Unakumbuka kazi yenu? Papa anachungulia kwenye tundu la juu, wewe umeinama nyuma ya bomba, unazungusha zile skrubu tatu za kukilaza kioo sawa. "Kidogo, maman. Hapana, rudisha." Nawe unamjibu, "Mikono yangu haina macho, weye." Siku ya radi ulikifunika hicho nacho pamoja na vioo vyote vya nyumba, akakucheka mpaka ukamnyima bugali.

Juzi nilikitoa sandukuni mchana kweupe, mlango wa parcelle, ua wetu, ukiwa wazi. Nilikikalisha chini ya bomba, nikakaza vishikio kidogo tu, maana Papa alisema kioo kikibanwa nyota zinaharibika umbo. Hapo nikakwama. Jicho likiwa tunduni, mikono haifiki nyuma. Nikamwita Mama Neema, jirani yule yule aliyenishauri nizike kitu hiki kabla hakijatuletea shida. Alikuja amenuna. Nikamwambia azungushe, akazungusha.

Alama aliyoichora Papa katikati ya kioo ilipokaa sawa ndani ya duara nililoliona tunduni, nikampisha achungulie.

"Mbona naona jicho yangu tu?"

"Ndiyo hiyo silaha."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuita wengine.

Bado ninaogopa, Maman. Risasi zikilia silali. Lakini mbingu ikifunguka jioni, bomba linasimama barazani, na majirani wanapanga mstari kuutazama mwezi. Kioo sikitoi tena. Ukitaka kunigombeza, panda bateau uje unigombeze hapa hapa. Skrubu moja inalegea kila mara, na Mama Neema anazungusha vibaya.

Binti yako, mwenye kichwa kigumu kama chako