Ndama Mwekundu wa Ng'ombe Weusi

Tanga,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Marwa,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, pamoja na ya mke wako Bhoke na ya binti yako Nyangi aliyekuandikia barua. Mwandiko wake sasa umeupita wangu. Najua ndiye anayekusomea hii pia, maana kisomo cha watu wazima ulikikimbia ukisema ng'ombe hawaulizi cheti. Basi Nyangi, mwanangu, soma polepole wala usiruke mstari, hata ukifika mahali pagumu. Na wewe Marwa, mwite Bhoke aje akae asikie.

Mvua imenyesha huko Nyanungu? Mtama umeshika? Hapa mimi ni mgonjwa. Moyo umechoka na miguu imejaa maji. Kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua kumi, nikifika nahema kama niliyepanda mlima. Daktari ananiandikia dawa, kule dirisha la dawa wananiambia njoo wiki ijayo, na wiki ijayo ni maneno yale yale. Miaka yote nimefanya kazi katika maabara za hospitali, leo naondoka mikono mitupu kama mtu wa kupita njia.

Lakini linalonikera zaidi si hilo. Umeniandikia kwamba mtoto wa Bhoke amevimba vidole vya mikono na miguu, macho yamekuwa ya njano, na akishikwa na maumivu ya mifupa hataki hata kuguswa. Umesema wazee watakaa baada ya mavuno ili Bhoke arudishwe kwao, kama alivyorudishwa Ghati, mama yake Nyangi. Kisha ukaniuliza, "Kaka, mbona kila mwanamke ninayemwoa ana damu mbaya?" Nilipolisoma swali hilo katika mwandiko wa mtoto wa Ghati, niliitupa barua chini kwa hasira. Sikukukasirikia wewe. Nilijikasirikia mimi.

Unakumbuka nilipokuja na wale wageni wa kuchunguza damu, kabla hatujahamishiwa kwenye nyumba za mstari za kijiji cha ujamaa? Watu walikimbilia mashambani wakisema sisi ni mumiani, wanyonya damu. Wewe ndiye uliyewatoa woga. Ulikunja shati mbele ya wote ukaniambia, "Chukua, mura, ila ukikuta pombe humo usiwaambie wageni wako!" Watu wakacheka, wakapanga foleni. Walininyooshea mikono kwa sababu mimi ni mtoto wa hapo, si kwa sababu ya gari la wageni.

Ghati alikuja wa mwisho. Alikuwa ameshazika watoto wawili, amebaki na Nyangi mgongoni. Akanong'ona, "Shemeji, ukiona kitu, uniambie mimi kwanza." Nikamwambia nitamwambia.

Niliona kitu. Tone la damu ukiliweka kwenye kioo na dawa yake, ukasubiri, ukaangalia kwa hadubini, chembe za damu nzima hubaki duara. Za Ghati zilijipinda kama mundu wa kuvunia. Nikaweka kioo chako, Marwa. Na zako zilijipinda vile vile.

Sasa sikiliza kama mfugaji. Unalikumbuka dume jeusi la baba? Alilipandisha kwa yule jike mweusi mwenye pembe zilizoinama, akazaliwa ndama mwekundu. Jirani akaja kutania: "Mzee, jike wako alitembea nje." Baba akamjibu, "Acha ujinga. Wekundu ulikuwa umejificha kwa wote wawili." Hakumfukuza jike. Kila mfugaji wa kwetu anajua hivyo kuhusu ng'ombe. Ikija kwa watu, tunasahau kwamba kuna dume.

Damu nayo ni hivyo. Mtoto hupewa fungu moja na baba, fungu moja na mama. Mwenye fungu moja la mundu na moja zima ni mzima kama wewe, analima, anacheza ngoma, hajui. Mtoto akipewa la mundu na baba, na la mundu na mama, huyo ndiye anayeumwa. Kila mimba ni kura mpya, ndiyo maana Nyangi alipona na wenzake hawakupona. Si laana, si uchawi, wala si ukoo wa mwanamke. Wageni wale walijua hata kwa nini damu hii ni nyingi kwetu: mwenye fungu moja tu, malaria haimwangushi kirahisi. Huenda ndiyo iliyokuokoa ulipokuwa mtoto. Waliyaandika yote hayo katika kitabu, kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyerudi kuwaeleza waliotoa damu. Nimewalaumu miaka mingi. Lakini wao hawakuwa na ndugu Nyanungu. Mimi ninaye.

Nilikuwapo wazee walipokaa kumjadili Ghati. Alisimama katikati yao akanielekea. "Shemeji, wewe uliitazama damu yangu. Sema mbele ya wote."

Nikasema, "Niliitazama. Ina kasoro."

Nikanyamaza hapo. Maneno matatu yaliyobaki, "na yako, Marwa," sikuyasema. Pale pale walikaa wakwe zangu watarajiwa, waliokuwa wamekuja kumposa binti yangu. Nikajiuliza, nikisema kasoro imo katika nyumba yetu, nani ataleta ng'ombe kwa mtoto wangu? Basi nikasema nusu ya kweli, na nusu hiyo ikamfukuza mtu. Ghati aliniangalia mara moja tu. Hakulia. Alimshusha Nyangi mgongoni akakukabidhi, akachukua kitenge chake, akaenda. Binti yangu aliolewa vizuri. Kila nilipomtembelea nilikula chakula chake kwa shida.

Marwa, Bhoke asirudishwe. Wazee wakikaa, barua hii isomwe mbele yao, na Nyangi ndiye aisome. Mtoto mnyweshe maji mengi, asipigwe na baridi, apewe vidonge vya malaria kama watakavyomwandikia hospitali, na homa ikipanda msingoje mganga, mbebeni siku ile ile. Nyangi, kijana atakapokuja kukuposa, mpimwe damu wote wawili kabla ya ng'ombe kutoka zizini. Utachekwa. Vumilia.

Kisha, ndugu yangu, nenda kwa kina Ghati. Sijui kama atakubali kukuona. Usiende kudai wala kumrudisha. Nenda useme mbele ya kaka zake kwamba hakuwaua watoto wake, na kwamba mimi nilijua. Ningekwenda mwenyewe, lakini hatua zangu zimebaki kumi.

Unaweza kunikasirikia. Ukitaka jina langu lisitajwe tena nyumbani kwako, sitakuwa na neno. Ila usiikunje barua hii ukaificha kama nilivyoificha damu yako.

Nisalimie mama yetu mdogo, kama bado anagomba na kuku wake. Nisalimie balozi wa nyumba kumi, na mwalimu aliyemfundisha Nyangi kuandika, maana bila yeye nisingepata njia ya kusema haya. Bhoke, pokea salamu zangu za peke yako, hukukosa lolote.

Ni mimi kaka yako,
Mwita

Nyangi, humo ndani kuna karatasi nyingine, nimeikunja mara nne. Hiyo si ya baba yako. Ni ya mama yako, aliyeniomba nimwambie yeye kwanza. Usimpe mtu akupelekee. Nenda mwenyewe, ukae karibu naye, umsomee.