Sada, Walitaka Nichukue Msitu Wako

Sada, rafiki yangu,

Tangu tukuzike Bukene nilikuwa sipiti mbele ya ofisi yako. Nilikuwa nazunguka nyuma, kupitia jikoni. Jumatatu ilinibidi niingie, maana kikao kilikuwa humo ndani, na kiti walichonionyesha kilikuwa chako.

Mkurugenzi alikuja kutoka Dar. Alisema kampuni imechoka na idara zinazovutana: hoteli huku, matembezi kule, nyumba za kuuza upande mwingine. Kwa kuwa mkuu wa matembezi hayupo tena, idara yake iingizwe kwenye yangu ya nyumba, na ule msitu wote wa miombo, kuanzia ukuta wa hoteli hadi njia ya zamani ya misafara, upimwe viwanja vya nyumba. Hayupo tena. Ndivyo alivyokutaja, hata jina hakulisema.

Bwana Jafari wa hoteli akaunga mkono haraka. Alishapanga waongoza wageni wako wawe wahudumu kwenye ukumbi wake wa harusi. Masanja, msaidizi wako, alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimsubiri aseme neno.

Unajua nilivyoutaka msitu ule. Tuligombana juu yake mpaka watu wakadhani hatusalimiani, kumbe tukitoka kikaoni tunakula ugali na mlenda sahani moja, nawe unaniambia, "Kabula, leo umeniweza. Kesho nakuja na jingine." Sasa napewa wote, bila kuugombania.

Mkurugenzi akauliza kama kuna anayepinga.

"Mimi," nikasema.

"Unapinga mradi wako mwenyewe?"

Nikamwambia nyumba bado nazitaka. Nisichokitaka ni kupewa ushindi kwa sababu aliyekuwa akinijibu amekufa. Kisha nikazieleza hoja zako, Sada, kama ulivyokuwa ukizieleza: kwamba mgeni hafungi safari mpaka Tabora kuja kutazama kuta. Anakuja kutembea walikopita wapagazi, alale hemani, aamke asikie nyuki. Jafari akacheka kidogo. Mkurugenzi akatoka kupiga simu.

Aliporudi, Masanja alikuwa amesimama. Aliongea kwa kukwamakwama, lakini aliutetea msitu wako, na hakukaa mpaka alipomaliza.

Uamuzi ukawa huu: nyumba zijengwe upande wa barabara tu. Msitu wa ndani unabaki na matembezi, Masanja awe mkuu, kwa majaribio hadi mvua ziishe. Ile nafasi ya umeneja niliyoahidiwa idara zikiungana haitajwi tena. Vijana wangu wa mauzo wananisalimia kwa midomo tu. Nilifika nyumbani nikalia, na si kwa ajili ya cheo. Nilikuwa na habari ya kukusimulia, na wewe ndiye niliyezoea kumsimulia.

Bado naamini ulikosea, Sada. Msitu ule ungebeba nyumba nyingi zaidi, na siku moja nitalisema tena. Ila nakuahidi nitamwambia Masanja ana kwa ana, mezani, akiwa na nafasi ya kunijibu. Akinishinda, nitampakulia mlenda.

Mungu akurehemu, dada. Pumzika.

Wako,
Kabula